Kijiko si Haramu, Mkono si Aibu

Siku ya Idi iliyopita, nyumbani kwetu Mombasa, sinia la pilau liliandaliwa na kawa likafunuliwa. Tuliketi jamvini watu watano, na wa sita wetu alikuwa mjukuu wangu, bwana mdogo wa miaka minne. Birika na tasa vikapita, kila mtu akanawa, tukasema Bismillahi na mikono ikaingia siniani. Yeye alikaa kaikunja mikono, anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Nikamwambia, "Kula, bwana mdogo." Akanijibu kwa adabu zake zote, "Babu, nangoja kijiko."

Jamaa waliangua kicheko. Ami yake mmoja akasema ati huyu amelelewa Kizungu. Mtoto akaona haya, machozi yakamlenga, na pilau ya Idi hakuigusa.

Mimi sikucheka, wasomaji wangu, kwani siku chache nyuma nilikuwa nimepewa kisa kingine kilicho kinyume cha hiki. Binti wa jirani yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza aanze shule ya watoto wadogo, alikaripiwa mbele ya wenzake kwa kula wali kwa mkono, akaambiwa huo ni ushamba. Naye alirudi kwao na chakula chake vile vile kilivyotoka. Basi watoto wawili wamelala na njaa, mmoja kwa kutojua mkono na mwingine kwa kutojua kijiko. Waliokosa si wao. Ni sisi wakubwa.

Nianze na hao wanaouita mkono ushamba. Wao hudhani kwamba uma na kisu vilizaliwa pamoja na Mzungu. La hasha! Mwingereza mmoja, Thomas Coryat, alisafiri Italia mwaka 1608, akawaona watu wa huko wanakula kwa uma, jambo ambalo kwao Uingereza halikuwa desturi. Alipotoa kitabu chake mwaka 1611 akaeleza kuwa naye ameshika mtindo huo, na watu wa kwao wenyewe wakamfanyia mzaha. Kwa hivyo anayemcheka mtoto wetu leo ajue kuwa mababu wa hao anaowaiga nao walikula kwa vidole.

Na hao wanaokiita kijiko Ukafiri, nao nawauliza: uji wa mtama tulinyweshwa kwa nini? Nyumba zetu zilikuwa na upawa, kata na vijiko tangu hatujazaliwa. Mafundisho yenyewe yako wazi. Tumesimuliwa na Umar bin Abi Salama kwamba alipokuwa mtoto katika malezi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, mkono wake ulikuwa ukirandaranda katika chombo cha chakula. Mtume hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwelekeza mambo matatu: amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Katika matatu hayo hakuna kijiko kilichokatazwa. Kuna adabu, na adabu huenda na tonge na huenda na kijiko pia.

Liko jambo moja tu la kuangalia. Desturi ya Kiingereza humtaka mtu ashike kisu kwa kulia na uma kwa kushoto. Mtoto wetu na afunzwe kukata kwanza, kisha akiweke kisu chini na kuuhamishia uma mkono wa kulia. Hapo hakuvunja sahani wala sunna.

Lakini kosa letu kubwa haliko kwenye chombo. Liko katika kumnyima mtoto nafasi ya kujilisha. Siku hizi utamwona mtoto wa miaka mitatu kaketishwa mbele ya simu yenye katuni, na yaya anamshindilia matonge kinywani. Mtoto hajui anakula nini wala ameshiba saa ngapi. Akigeuza kichwa huambiwa "bado kidogo". Huko si kulisha, ni kujaza gunia.

Mtoto humaliza miezi sita kwa maziwa ya mama, kisha huanzishiwa chakula huku akiendelea kunyonya. Qurani katika Sura ya Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na Shirika la Afya Duniani nalo leo hushauri miaka miwili au zaidi. Karibu na mwezi wa tisa, vidole vyake huanza kudonoa vitu vidogo. Hapo mpe ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichoiva, au ubwabwa, aketi wima na usimwache peke yake. Karibu na mwaka mmoja mpe kijiko kifupi, nawe shika chako, ili kila mmoja afanye kazi yake. Atamwaga, atajipaka hadi masikioni. Mwache. Karibu na mwaka na nusu vijiko kadhaa vitafika kinywani, na akitimiza miaka miwili mengi yatakuwa yamenyooka. Uma butu hufuata, na kisu baadaye kabisa.

Na mkono usisahauliwe, kwani una elimu yake. Kidole hujua wali ni wa moto kabla ulimi haujaungua, na hukuta mwiba wa samaki kabla koo halijaupata. Sisi watu wa bahari twalijua hilo. Ila mkono huo uwe umeoshwa kwa maji na sabuni, wa mtoto na wa anayemlisha. Kipindupindu hakibagui kati ya kidole na kijiko kichafu.

Tena kwa yule aliyezaliwa na nguvu za shoto, nawaomba upole. Nilipokuwa chuoni miaka ya 1970, mwenzetu mmoja alifungwa mkono wa kushoto kwa kitambaa ili azoee kulia. Alizoea, lakini alizoea pia kula kwa hofu, mbali na wenzake. Mhimize mtoto huyo kwa maneno na mfano, siku baada ya siku. Kipigo hakikuwamo katika mafunzo ya yule kijana niliyemtaja.

Jioni ile ya Idi nilimwita mjukuu wangu tukakaa wawili. Nikamnawisha, nikamwonyesha kukusanya wali kwa ncha za vidole, kuubana na kuusukuma kwa kidole gumba. Tonge la kwanza lilimwangukia kanzuni. La pili likaingia. Akanitazama akasema, "Babu, kesho nitakufunza uma." Nami nilikubali. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa taratibu asije akavunjika.

Mwana mwache ajilishe, japo wali autupe,
Mkono wake uoshe, kijiko nacho umpe,
Kulia umzoeshe, wala kofi simchape,
Tonge la kwanza la mwana, ndilo chuo cha heshima.