Surua haingoji kampeni: Kasongo na Kabambare zinahitaji chanjo ya kila juma

Surua ikilipuka Maniema ya kusini, tunajua mambo yatakavyoenda. Watoto wanaanza kuugua katika vijiji vya mbali. Zone ya afya inapeleka ripoti Kindu, Kindu inapeleka Kinshasa. Majuma yanapita, mashirika yanaleta dawa, kisha kampeni ya chanjo inatangazwa. Kampeni hizo zinaokoa maisha, na wanaozifanya wanastahili shukrani. Lakini zinafika wakati ugonjwa umekwisha pita. Kujua sababu, tuangalie namna virusi vinavyofanya kazi.

Virusi havili, havipumui, wala havizai peke yake. Ni maagizo yaliyofungwa ndani ya ganda dogo lisiloonekana kwa macho. Nje ya mwili haviongezeki hata kidogo. Mfano wake ni mtu anayeingia katika duka la mafundi cherehani sokoni na kipimo chake mkononi. Anawalazimisha mafundi wote waache kazi za wateja na washone nguo zake tu, kwa kitambaa na uzi wa duka lile lile. Virusi vinafanya hivyo ndani ya seli, yaani chembe hai zinazojenga mwili. Seli inaacha kazi yake, inatengeneza nakala za virusi, nakala zinatoka na kuingia katika seli za jirani. Mafua, polio na mpox vinaongezeka kwa njia hiyo hiyo.

Virusi vya surua, ile tunayosikia hospitalini ikiitwa rougeole, vinaingia kwa hewa tunayovuta, na vinashika kwanza seli za kinga zenyewe. Kwa siku kama 10 mtoto anacheza kama kawaida huku virusi vinaongezeka ndani yake. Kisha homa, kikohozi na macho mekundu vinakuja. Vipele vinaonekana karibu na siku ya 14. Lakini mtoto ameanza kuambukiza wengine siku 4 kabla ya vipele. Virusi vinaweza kubaki katika hewa ya chumba mpaka saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu naye, 9 wataambukizwa. Mama anapoona vipele, ugonjwa umekwisha fika kwa jirani, shuleni na sokoni.

Kwa sababu hiyo pia, kukimbilia antibiotiki za dukani ni kupoteza pesa. Antibiotiki zinapiga bakteria, na virusi si bakteria. Muganga anaweza kuzitoa nimonia ya bakteria ikifuata surua, lakini hakuna dawa inayoua virusi vya surua vyenyewe. Kinachosaidia ni vitamini A, maji, chakula na uangalizi wa karibu. Tena surua inafuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga. Mtoto aliyepona anaweza kufa miezi baadaye kwa kuhara au nimonia, na hakuna atakayeandika surua katika daftari.

Kasongo haikupaswa kufundishwa haya na wageni. Katika miaka ya 1970, waganga waliofanya kazi hapa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walifuatilia watoto waliochanjwa na wasiochanjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet, juu ya watoto wa miezi 7 mpaka 35. Waliochanjwa walikufa kidogo zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini waandishi waliona faida hiyo inapungua baadaye. Wataalamu wamebishana sana juu ya sehemu hiyo ya pili, na utafiti wa nchi zingine ulionyesha kwamba chanjo inaokoa watoto wengi. Kwetu fundisho ni hili: chanjo iwe ndani ya kituo cha afya kinachofanya kazi kila siku.

Tunajua bei ya kusahau. Mlipuko wa surua ulioangamiza nchi yetu mpaka Agosti 2020 uliua watoto zaidi ya 7,000.

Watu watasema barabara ni mbaya, serikali haina pesa, na silaha zinazunguka upande wa Salamabila. Ni kweli. Lakini kampeni ya dharura inapita barabara hizo hizo, inakuta silaha hizo hizo, na inagharimu pesa baada ya watoto kuzikwa.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, frigo za chanjo katika zone zote za Kasongo na Kabambare zipate umeme wa jua na matengenezo, maana chanjo inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, na waganga wapate mafuta ya pikipiki kila mwezi. La pili, chupa ya chanjo ifunguliwe hata kama wamekuja watoto wawili tu. Chupa iliyochanganywa inatupwa baada ya saa 6, kwa hiyo muganga anaogopa hasara na kumwambia mama arudi siku nyingine. Mama aliyetembea kutwa nzima mara nyingi harudi. Dozi zinazomwagika ni bei ndogo kuliko kaburi. La tatu, watoto wa wachimbaji wa zahabu wa Namoya na watoto wa waliokimbia vita wahesabiwe. Familia hizo zinahama, na virusi vinahama pamoja nazo.

Kwa wazazi, dozi ya kwanza ni miezi 9, ya pili ni miezi 15. Dozi moja inaacha baadhi ya watoto bila kinga. Ili surua ikose mlango, watoto 95 kati ya 100 wanapaswa kupata zote mbili. Maimamu, mapadri na wachungaji wana sauti ambayo redio haina: watangaze siku ya chanjo kila Ijumaa na kila Jumapili. Na wabunge wetu wa Kasongo na Kabambare waulize Kinshasa pesa za chanjo ya kila juma ziko wapi, leo, kabla kipele cha kwanza hakijaonekana.