Kukata riboni si kufungua njia ya treni



Tarehe 14 Januari 2019, rais Macky Sall wa Senegal alizindua TER, treni ya mjini ya Dakar. Zilibaki wiki sita hivi kufika uchaguzi wa rais. Lakini raia wa kawaida walianza kuipanda tarehe 27 Desemba 2021. Karibu miaka mitatu!

Tuelewane vizuri. Kuchelewa juu ya kujaribu mitambo si aibu. Breki zinajaribiwa treni ikiwa tupu, kisha ikiwa na uzito kama wa watu. Milango, taa za ishara, redio ya dereva, umeme: kimoja kimoja, halafu vyote pamoja, siku nyingi, bila abiria. Aibu ni kuambia watu kazi imeisha wakati bado.

Kipande cha kwanza, Dakar mpaka Diamniadio, ni kilomita 36. Awamu ya pili inaongeza kilomita kama 19 mpaka uwanja wa ndege Blaise Diagne. Wengi wanafikiri kurefusha njia ni kulaza vyuma tu. Hapana. Kipande kipya kinapaswa kusikilizana na cha zamani: ishara, chumba cha kuongoza, ratiba. Treni yenye ilikuwa inageukia Diamniadio inaendelea mbele, basi hesabu ya njia yote inabadilika. Ndiyo maana lazima kujaribu tena, hata kule kwenye kulikuwa kunatembea vizuri.

Sababu gani tunazungumza Dakar? Juu Kinshasa pia tunaahidiwa treni ya mjini, toka Gare Centrale kwenda upande wa Ndjili. Na sisi riboni tunazijua. Tunajua bomba lenye linazinduliwa saa nne, saa kumi halitoi tena maji. Hata wewe wa Goma ao Bukavu, usiseme haikuhusu: ni makuta yako.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kalenda ya majaribio itangazwe mbele ya tarehe ya sherehe.
2. Matokeo yatolewe hadharani, yenye yamefaulu na yenye yameshindwa, kwa lugha tunazozungumza.
3. Mainjinia vijana wa hapa wawe ndani ya majaribio, si nyuma ya kamba. Tuko wengi wenye diploma na bila kazi.

Siku watatuita kupiga makofi, tuwaulize swali moja tu: kesho asubuhi, mama muuzaji wa Masina anapanda saa ngapi?