Una Laki Moja ya Kupandisha WRX? Anza na Taya, Kelele Ingoje

Safari Rally ikikaribia, mtaa hauna usingizi. Uko kitandani Roysambu Ijumaa usiku, Subaru inapita Thika Road pa-pa-pa kama bunduki, na unajua msee ameshadunga bomba jipya. Tangu rally irudi kwa kalenda ya dunia 2021, kambi ikiwa Naivasha, kila mwenye ndai ya mbio anataka iwe moto kabla ya wikendi hiyo. Sasa, ukiwa na laki moja tu, unaanzia wapi?

Wengi wanaanza na bomba la moshi. Naelewa. Haya mapenzi hayakuanza jana: Colin McRae alishinda Safari na Impreza 1997, Richard Burns naye akaishinda na Impreza 2000. Lakini tuambiane ukweli. Kubadilisha kipande cha nyuma peke yake kunaleta kelele mob na nguvu kiduchu. Umelipia mdomo, si miguu. Na karao hahitaji kukutafuta, anakusikia tu.

Wengine wanakimbilia kuongeza presha ya turbo. Hapo ndio ngori. STI za Japani zilipangiwa petroli ya oktani karibu 100, na super yetu iko chini ya hapo. Nairobi nayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo turbo tayari inafanya kazi ya ziada. Sasa fundi akuje na laptop, apandishe presha bila kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta. Petroli inalipuka vibaya ndani ya injini, pistoni inapasuka. Laki imeenda, na ndai iko juu ya mawe.

Kwa hivyo fuata hii order.

Kwanza, sevisi. WRX ya 2005 ni mzee wa miaka 20 hivi sasa. Oili, plagi, filta, paipu za turbo zinazovuja. Kuna ndai zinarudisha nguvu hapa tu. Na timing belt usiibahatishe, ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Pili, taya. Nguvu yote inashika lami kwa vipande vinne vya raba, kila kimoja karibu saizi ya kiganja. Taya ya mtumba inaweza kuwa na meno fiti na bado ni mzee. Soma namba nne ubavuni: 3217 ni wiki ya 32 ya 2017. Raba ikizeeka inakauka, na mvua ikinyesha Southern Bypass unateleza kama sabuni. Subaru ni ya magurudumu manne, so weka zote nne saizi moja, zimeisha sawa, la sivyo unaua difu.

Tatu, breki. Nunua pedi poa na ubadilishe mafuta ya breki. Hayo mafuta hunyonya unyevu, na yakizeeka yanachemka haraka. Shuka Mai Mahiu ukiwa umekanyaga breki njia nzima, na siku moja pedali itazama hadi sakafuni. Nyuma yako trela, mbele yako matatu imejaa watu. Hapo nguvu ya farasi haisaidii mtu.

Chenji ikibaki, angalia shoki. Kuchezea injini kuje mwisho, kwa fundi mwenye mashine ya kupima, tena uambie watu wa bima kabla hawajakukatalia siku ya ajali.

Najua hii list haina swag. Hakuna mtu hupost mafuta ya breki kwa status. Lakini barabara ya umma limit ya juu kabisa ni 110, na ukitaka kukimbia kweli, autocross zipo. Ndai ya maana ni ile inayorudi kutoka Naivasha Jumapili jioni, mbogi yote ikiwa ndani.

Wewe laki yako ingeanzia wapi?