TAHARIRI: JAMBO HILI NALO NI LA CHAMA

Ndugu wanachama, wanaume kwa wanawake,

Wako wanachama wanaouliza kwa nini gazeti letu hili dogo, ambalo kazi yake ni kutetea mishahara, likizo na nyumba za wafanya kazi, litumie karatasi na wino kueleza habari za wanawake wanaopigwa na kunajisiwa. Wao husema ya kwamba Chama ni cha kazi, na mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Swali hili ni la haki, wala haliulizwi kwa ubaya. Basi twalijibu hapa kwa kirefu.

Jibu la kwanza ni kwamba mwanamke ni mfanya kazi. Tazameni hapa mpakani petu, kutoka Malaba hadi Busia, na kutoka Busia hadi Butula. Nani anayepika chakula cha madereva wa malori yanayongoja kuvuka? Nani anayebeba omena, mahindi na nguo kutoka upande huu kwenda upande wa pili? Nani anayeandika karatasi katika maofisi ya mizigo? Hata katika reli mambo yamebadilika. Siku ya tarehe 31 Mei 2017, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa, gari moshi lililombeba Rais Uhuru Kenyatta liliendeshwa na wanawake. Wala si jambo la leo tu. Mwaka 1922, Harry Thuku alipokamatwa Nairobi kwa kuwasemea wafanya kazi, aliyewatia watu moyo mbele ya askari wenye bunduki alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, naye aliuawa pale pale kwa risasi. Damu yake imo katika msingi wa vyama vyote vya wafanya kazi katika nchi hii.

Jibu la pili ni kwamba mambo haya si madogo wala si ya nyumba chache. Serikali ilipohesabu habari za afya ya watu wa Kenya mwaka 2022, ilionekana ya kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 34 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Katika kila 100, 13 wamewahi kutendewa maovu ya mwili kwa nguvu. Kama wafanya kazi 34 katika kila 100 wangeumizwa na mashine moja, Chama kingenyamaza?

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwezi wa Juni 2013, msichana wa miaka 16 alishikwa usiku na wanaume kadha huko Tingolo, katika Butula, alipokuwa akirudi kutoka matanga ya babu yake. Walimnajisi, wakamtupa katika shimo la choo. Aliokolewa akiwa ameumia uti wa mgongo. Magazeti yalimwita Liz, nalo si jina lake. Watu waliwapeleka baadhi ya washukiwa kwa polisi. Na polisi walifanya nini? Waliwaamuru wafyeke nyasi, kisha wakawaacha waende zao. Mtu aliyevunja maisha ya mtoto alipewa adhabu ya mtoto wa shule aliyechelewa kufika darasani.

Jambo hilo lingalikufa hapo, kama yanavyokufa mengine mengi. Lakini gazeti liliandika habari hizo mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Watu zaidi ya milioni moja, wa Kenya na wa nchi nyingine, waliandika majina yao kudai haki. Tarehe 31 Oktoba 2013, wanawake na wanaume walitembea Nairobi mpaka ofisi ya mkuu wa polisi. Mwezi wa Aprili 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja.

Ndugu, zingatieni jambo moja. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilipitishwa na Bunge mwaka 2006, na inasema wazi ya kwamba wanaoshirikiana kumnajisi mtu hawawezi kupewa chini ya miaka 15. Tena, mwezi wa Mei 2013, mwezi mmoja tu kabla ya mambo ya Tingolo, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua ya kwamba polisi wanaokataa kuchunguza kesi za wasichana walionajisiwa wanavunja Katiba. Sheria ilikuwako, na hukumu ilikuwako. Zilizokosekana ni miguu ya kuzifikisha Tingolo. Karatasi haitembei yenyewe. Sisi wa Chama twalijua hilo vema, kwa maana mapatano ya mshahara nayo yakiwa katika kabati tu hayamlishi mtu. Haki ya msichana yule ilikuja kwa njia ile ile inayoleta haki ya mfanya kazi: watu wengi kusimama pamoja na kukataa kunyamaza.

Kuna maneno ambayo husikika kila jambo kama hili likitokea. Alikuwa akitafuta nini usiku? Alivaa nini? Alimjibu mumewe namna gani? Sisi watu wa reli tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Mabehewa yakianguka nje ya reli, hakuna anayeuliza kwa nini mzigo ulisafiri usiku. Huchunguzwa reli, breki na ishara, na saa huandikwa, na aliyekosa hutafutwa. Haya yafanyike kwa mahindi na mafuta, yasifanyike kwa mwanadamu?

Wengine husema, wanawake wengine husingizia. Sawa, na watu wengine husingizia wizi, lakini hatujasikia mtu akitaka kesi zote za wizi zifungwe. Mahakama imewekwa ili kupambanua kweli na uongo. Nayo haiwezi kupambanua ikiwa jambo halikufika mbele yake.

Kwa hivyo kila mwanachama na ajue la kufanya, kwa maana saa za kwanza ndizo zenye thamani. Mtu akinajisiwa, awe mwanamke, mtoto au mwanamume, apelekwe hospitali upesi, asingoje asubuhi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa kabla ya siku 5 kupita. Asioge, wala nguo zake zisifuliwe. Zifungwe katika karatasi, si katika plastiki, kwa sababu zikiota unyevu ushahidi huharibika. Hospitali ya Serikali haina ruhusa kumfukuza ati hajaandikisha kwa polisi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2012 zasema atibiwe bure, ameripoti au hajaripoti. Kisha aende polisi, jambo liandikwe katika kitabu, naye apewe namba yake. Fomu ya P3 ni bure, na asiibiwe na mtu kwa ajili yake. Simu ya bure ya namba 1195 husaidia watu walioumizwa hivi, na kwa mtoto ni namba 116, ambayo hujibiwa Kenya na Uganda pia. Na ye yote atakayemsindikiza asimwache peke yake kwenye benchi. Maneno ya kumwambia ni machache: Twakuamini, si kosa lako, tuko nawe.

Sasa twafika penye ugumu, na hatutapita kando. Ikiwa mwanachama mwenzetu ndiye anayeshtakiwa, tufanye nini? Desturi yetu ni kuchanga. Mmoja akipatwa na msiba, kofia huzungushwa. Lakini mara nyingine kofia huzungushwa ili kupata ng'ombe wa kumpa baba wa msichana, mambo yakamalizwe kwa liguru au chini ya mwembe, na kesi ife. Baba hupata ng'ombe, mshtakiwa hupata uhuru, wazee hupata chai. Msichana hupata nini? Humwona yule mtu njiani kila siku aendapo kuteka maji.

Mchango wa namna hiyo Chama hakiwezi kuubariki. Kwanza sheria haiukubali. Sheria ya 2006 haikumpa baba wala liguru mamlaka ya kuivunja kesi kama hiyo. Kuisimamisha ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Pili ni aibu, kwa sababu shilingi ya mfanya kazi mwanamke imo katika kofia ile, nayo yatumiwa kununua kimya cha mwanamke mwenzake.

Lakini twasema na hili, ili tusieleweke vibaya. Mwanachama aliyeshtakiwa kazini ana haki ya kusikilizwa, kujua mashtaka yake, na kuwa na mtu wa Chama kando yake. Haki hiyo tuliipata kwa taabu, wala hatutamnyima mtu. Kumtetea mtu asikilizwe ni jambo moja. Kumtisha anayelalamika, kuwaficha mashahidi, au kumwambia dada yetu aondoe maneno yake kwa ajili ya umoja, hilo ni jambo jingine kabisa. Umoja unaodai mmoja wetu ameze machozi yake ili mwingine asisumbuke si umoja.

Habari za kazini nazo tusizisahau. Sheria ya Kazi ya 2007 yakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke au ni mja mzito, na yaamuru malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mama akijifungua apewe miezi 3 yenye mshahara wote, na baba apewe majuma 2. Nyapara, karani mkuu au ye yote mwenye mamlaka akimwambia mwanamke ya kwamba atapata kazi, zamu nzuri au cheo akikubali kulala naye, huo ni uvunjaji wa sheria. Maneno machafu na kushikashika asikotaka mtu ni hivyo hivyo. Kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na maandiko yanayoeleza jinsi ya kuzuia mambo hayo, tena ayaandike baada ya kushauriana na wafanya kazi au wasemaji wao. Wasemaji wao ni sisi. Ni wangapi kati yetu walioyaona maandiko hayo yamebandikwa ukutani?

Tena Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha mwaka 2019 mapatano namba 190 ya kuondoa ujeuri na usumbufu kazini. Mapatano hayo hayaishii mlangoni pa ofisi. Yanahesabu njia ya kwenda na kurudi kazini, nyumba anazotoa mwajiri, mahali pa kupumzika na vyoo. Ndugu zetu wa ng'ambo ya Malaba wanayo tayari, kwa sababu Uganda iliyaridhia mwaka 2023. Basi reli moja inayopita nchi mbili na iwe na heshima moja.

Na wale dada wanaovuka mpaka na vikapu wasiwe mawindo. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, mwenye bidhaa zilizotoka katika nchi za Afrika Mashariki, thamani yake isiyozidi dola 2,000, aweza kupata cheti rahisi pale pale na asilipe ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo katika orodha. Anayekijua cheti hicho hana haja ya kupita njia ya panya jioni, mahali ambapo ye yote mwenye rungu aweza kumdai fedha, au kumdai mwili. Mwenye mke, dada au jirani anayefanya biashara hiyo na amweleze.

Haya basi ndiyo twayaleta mbele ya mkutano wa tawi ujao, ili yapigiwe kura:

1. Tawi lichague watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, ambao aliyeumizwa aweza kuwaendea wakati wo wote, nao wasitoe siri yake.

2. Chama kimwandikie mwajiri kudai maandiko ya kuzuia usumbufu yaonyeshwe, na yabandikwe kwa Kiswahili kila stesheni na kila ofisi ya mizigo.

3. Sehemu ya fedha za msaada wa tawi iwekwe kando kwa nauli ya hospitali na ya mahakamani kwa walioumizwa. Kesi nyingi hufa kwa kukosa nauli ya shahidi.

4. Mtu asitumie jina la Chama, wala kofia yake, kuchangisha fedha za kumaliza kesi ya namna hii nje ya mahakama.

5. Taa na milango ya vyoo katika mahali petu pa kazi vihesabiwe, na ripoti iletwe katika mwezi mmoja.

Ndugu wanaume, maneno haya twawaelekezea ninyi zaidi, kwa sababu ninyi ndio wengi mkutanoni, na kura zenu ndizo zitakazoamua. Msidhani mwapigiwa kura ya lawama. Mwaulizwa tu swali ambalo Chama hiki humwuliza mwajiri kila siku: je, aliye chini ya mkono wako yu salama? Mtu hawezi kumdai mwajiri heshima mchana, kisha usiku amnyime mtu wa nyumbani mwake.

Njoni mkutanoni, na kila mmoja aje na mke wake au dada yake aliye mfanya kazi. Nafasi ya kukaa itapatikana.

Umoja ni nguvu.

Mhariri