Jina la Karani na Jina la Nyumbani: Juu ya Kuwatafuta Askari na Wapagazi wa Pongwe

Katika nyumba nyingi za Pongwe na vijiji vinavyopakana nayo, upande wa bara wa mji wa Tanga, husemwa kwamba babu fulani alikwenda vitani. Kauli huishia hapo, au huongezewa neno moja tu: alifia huko, au alirudi na kikohozi. Mjukuu aliyesoma anapotaka kuijua habari kamili, jambo la kwanza analouliza ni mahali zilipo nyaraka: Dar es Salaam, Berlin au London. Swali hilo ni halali, ila limewahi mno. Linalopaswa kulitangulia ni hili: babu huyo aliitwa nani, na ni nani aliyekuwa akimwita hivyo?

Sababu ya kulipanga hivyo ni hali ya nyaraka zenyewe. Hifadhi ya jeshi ya mjini Potsdam iliteketea kwa mabomu mwezi Aprili 1945, na pamoja nayo sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Kijerumani. Majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyosalia Dar es Salaam ni hazina, lakini ni majalada ya utawala zaidi kuliko ya watu mmoja mmoja. Kwa upande wa Waingereza, hifadhi ya taifa iliyopo Kew, London, ina shajara za vita za vikosi, siku kwa siku. Humo afisa hutajwa kwa jina na cheo, na askari Mwafrika kwa kawaida huhesabiwa tu. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo msafara wa Waingereza na Wahindi wa watu wapatao 8,000 ulishindwa na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck, yameandikwa katika vitabu vingi. Hata nyuki waliowauma askari siku ile wamepewa sehemu yao katika historia. Watu waliobeba masanduku ya risasi kutoka kwenye reli, ileile inayopita Pongwe, hawakupewa.

Wala si kwamba watu hao walikuwa wachache. Inakadiriwa kwamba wapagazi wapatao milioni moja waliwatumikia Waingereza katika vita ile ya Afrika Mashariki, na waliokufa ni zaidi ya 95,000. Jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi hicho, hutajwa kila siku na watu wasiokumbuka asili yake.

Pale ambapo jina la mtu liliandikwa, liliandikwa na karani. Karani alitaka majina mawili na kabila moja, na alikuwa na foleni ndefu mbele yake. Mtu wa Pongwe alikuwa na zaidi ya hayo. Alikuwa na jina alilopewa na wazazi, jina la utani alilopewa na wenzake wa rika, na pengine jina la ubatizo kama alipitia kwa wamisionari wa Magila, ambalo huonekana katika daftari la kanisa na pengine halionekani popote pengine. Aliyezaliwa Ijumaa akaitwa Juma, na baba yake akiwa Hamisi, alitoweka katika umati wa akina Juma Hamisi wa pwani nzima. Mdigo aliyeulizwa mrithi wake huenda alimtaja mjomba, kwa kuwa katika mila ya wazee wake urithi ulipitia kwa mjomba; mjukuu wa leo anayetafuta jina la baba katika nafasi ile atapita bila kujua kwamba amempita babu yake. Kosa hapo si la karatasi wala la babu. Ni la msomaji asiyejua kwamba jibu lilitolewa kwa mantiki ya nyumbani na swali liliulizwa kwa mantiki ya ofisi.

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili ina neno la kusema ambalo wanahistoria wa vita hawajalisema vya kutosha. Masimulizi ya wazee yamejaa istilahi, na istilahi hizo zina tarehe ndani yake. Bibi akisema kwamba mumewe alikuwa ombasha au shaushi, hiyo ni mara nyingi dalili ya jeshi la Kijerumani, ambalo lilitumia vyeo vya asili ya Kituruki vilivyokuja na Wasudani kutoka Misri. Akisema koplo au sajini, aelekea anazungumzia Keya, yaani jeshi la Waingereza. Akitaja vyote viwili kwa mtu mmoja, asidhaniwe amechanganya, maana kikosi cha sita cha Keya kiliundwa mwaka 1917 na wengi wa askari wake wa mwanzo walikuwa wamewatumikia Wajerumani. Majina ya nchi ni vivyo hivyo. Aliyekwenda Bukini alikuwa Madagaska mwaka 1942. Aliyekwenda Habeshi alikuwa huko mwaka mmoja au miwili kabla ya hapo. Aliyefika Bama alipigana Burma mwaka 1944, ambako vikosi vya 26 na 36 vya Keya vilikuwa vya Tanganyika. Neno moja la kikongwe laweza kumwondolea mtafiti masanduku mia ya nyaraka.

Vitenzi navyo vinastahili kusikilizwa kuliko inavyofanyika. Jeshi liliandika kwamba mtu alijiunga; nyumbani husemwa alishikwa. Tena yafaa kuwa na hadhari kubwa na kauli "alichukuliwa wakati wa vita". Baada ya Wajapani kuziteka nchi za Asia zilizokuwa zikitoa katani, serikali ya Tanganyika iliwalazimisha watu kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa makao makuu ya zao hilo. Yumkini basi babu aliyechukuliwa hakupata kushika bunduki. Wapo watakaovunjika moyo kwa kugundua hivyo, jambo ambalo ni kasoro ya heshima yetu kwa bunduki. Kukata mkonge kwa amri ya serikali ya vita ni utumishi wa vita pia, na hakuna mnara uliojengwa kwa ajili yake.

Kuna watakaopinga kwamba kumbukumbu ya mdomo hudanganya. Hudanganya, naam. Huviunganisha vita viwili kuwa kimoja, humpandisha koplo akawa afisa, na huficha mambo ya aibu. Lakini daftari nalo hudanganya, tena kwa sauti ya kujiamini zaidi. Husimuliwa vitabuni kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipotuma mtu Mwanza kuwalipa askari wazee mishahara yao iliyosalia, wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine wakapewa ufagio badala ya bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani, na kila mmoja akazitii amri zile. Hata kama kisa hicho kimetiwa chumvi, kimelifahamu jambo ambalo hifadhi nyingi hazijalifahamu: kuna mahali pengine pa kuuliza pasipo na karatasi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mtu wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa mwaka 1904 na akiwa mtoto alilitumikia jeshi la Kijerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alikwenda Ujerumani, akadai mishahara yao ambayo haikulipwa, akakataliwa. Huko alifundisha Kiswahili mjini Berlin, na alifariki katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Habari zake zinajulikana kwa sababu aliandika barua za madai na watawala wakazihifadhi. Ila zimehifadhiwa kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Ndugu ambaye angemtafuta Mahjub katika faharasa angerudi mikono mitupu.

Kwa wapagazi, kupotea kwa jina kulikuwa na bei. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi, kwa hoja kwamba warithi hawajulikani. Kisha yakaja makumbusho. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina la mtu hata mmoja, na maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawaachia watoto wa marehemu kazi ya kuyakumbuka majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko ni kwema. Hata hivyo tume itaandika majina gani, ikiwa itategemea madaftari yaleyale? Kuchonga katika jiwe kosa la karani ni kumkosea marehemu mara ya pili.

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina wanafunzi wanaotumwa kila mwaka kukusanya methali na vitendawili ambavyo vingi vimekwisha kukusanywa. Baadhi yao wangetumwa Pongwe, Muheza na Jasini. Aliyemsikia baba yake akisimulia habari za Bama sasa ni mzee, na habari za vita ya Wajerumani zinasimuliwa na waliozisikia kwa waliosikia. Maswali ya kwenda nayo si mengi. Mtu huyo alipewa majina gani, na kila jina alipewa na nani? Mama yake alikuwa wa ukoo upi, na mjomba wake nani? Fedha aliyotuma kutoka jeshini ilipokelewa bomani na mke yupi? Alishikwa, aliitwa au alikwenda mwenyewe? Alipanda gari moshi Pongwe au Tanga mjini, na siku aliyorudi, kama alirudi, waliokuwa kituoni walimwita kwa jina gani?