Sehemu ya 5: Mkono Kwanza, Penseli Baadaye

 

Wiki iliyopita nilimaliza habari ya kunawa mikono, nikaahidi tutaongea mambo ya shule. Leo natimiza. Nataka tuongee mwandiko wa kuunga, ule ambao herufi zinashikana toka mwanzo wa neno mpaka mwisho. Najua utasema, nesi na mwandiko wapi na wapi? Subiri nikusimulie.

Mama mmoja alinijia na kijana wake wa miaka 5. Tumbo. Kila siku ya shule asubuhi tumbo, ikifika saa nne limepona. Tukampima malaria, hamna. Mkojo safi, choo safi, homa hana. Nikamuuliza mama, "Jumamosi tumbo linauma?" Akafikiri kidogo, akasema, "Jumamosi anacheza tu, nesi."

Nikampa mtoto kalamu yangu, nikamwambia nichoree mpira. Alivyoishika sasa! Ngumi nzima, kama anashika mchi, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Halafu akaficha vidole mgongoni. Mama akatoa daftari kwenye mkoba. Kurasa na kurasa za herufi za kuunga, zimekatwa kwa wino mwekundu, "rudia, rudia". Asipopatia, anachapwa vidoleni.

Shule siitaji, na sijaja hapa kuwasema walimu. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kushika mkono wa kila mtoto. Na sisi wazazi tumo humohumo, maana tunaringishiana: "Wangu ana miaka 4 tu lakini anaunga!" Yule mtoto tumbo lilimuuma kweli, hakudanganya. Hofu inauma tumbo. Alidaiwa kazi ambayo mkono wake haujafundishwa.

Msimamo wangu ni huu: mwandiko wa kuunga ni mzuri na mtoto mdogo anaweza kuujifunza, ila aanze na mikono, vidole na vitu vya kugusa. Penseli ije mwisho. Ukianza na penseli na daftari umeanza kujenga nyumba kwenye bati.

Kwa nini nasema hivyo? Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa mifupa hiyo bado ni gegedu laini, hata kwenye eksirei haionekani. Inakomaa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho unakuja kuonekana akiwa na miaka 9 mpaka 12 hivi. Sasa wewe unamkalisha wa miaka 4 saa nzima aandike mistari ishirini. Mkono unachoka, anakandamiza, anachukia. Ukimchapa juu yake, umemfundisha kuogopa kalamu.

Njia ya kugusa sikuibuni mimi. Maria Montessori alikuwa daktari, alihitimu Roma mwaka 1896. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa watu maskini hukohuko Roma. Alitumia herufi za karatasi ya msasa zilizobandikwa kwenye vibao, na zilikuwa za mwandiko wa kuunga. Watoto wanapitisha vidole juu yake huku wanatamka sauti. Walipokuja kushika kalamu, mkono ulikuwa umeshaijua njia, na wapo waliokuwa na miaka 4 tu. Hapa Tanzania pia wapo walimu wanaosomea njia hiyo, kuna vyuo vyake Mtwara na Lushoto.

Sasa usiniambie huna hela ya vifaa. Mimi naishi Mngeta, hakuna duka la vibao vya Montessori. Vifaa vyote nitakavyotaja unavyo nyumbani.

KWANZA, NGUVU YA VIDOLE. Mpe udongo wa mfinyanzi afinyange ng'ombe na vyungu. Mpe mchele achambue na wewe, kokoto moja moja. Akamue kitambaa, abane nguo kwenye kamba kwa vibanio, afunge vifungo vya shati lake mwenyewe hata kama mnachelewa. Kama bibi yake anasuka mkeka, mkalishe karibu naye ashike ukindu. Hiyo yote ni shule ya mwandiko.

PILI, SINIA. Chukua sinia la wali, mwaga mchanga wa mtoni uliochekechwa, ukaoshwa na kukaushwa juani. Tandaza uwe mwembamba. Mtoto aandike kwa kidole. Akikosea, tikisa sinia, kosa limefutika. Hakuna wino mwekundu hapo! Usianze na herufi. Mwandiko wa kuunga umejengwa na michoro michache tu: kitanzi kinachopanda (ndiyo *l* na *e*), kikombe (*i* na *u*), kilima (*m* na *n*), na duara linaloanzia juu na kuzunguka kwenda kushoto (*a*, *o*, *d*). Achore vitanzi vingi mfululizo bila kunyanyua kidole. Siku nyingine vilima, kama milima ya Udzungwa tunayoiona huku kwetu.

TATU, HERUFI ZA KUGUSA. Kata boksi, andika herufi moja kubwa yenye mkia wake wa kuungia, paka gundi ya unga, nyunyizia mchanga, acha ikauke. Apitishe vidole viwili huku anatamka sauti, "mmm", siyo jina la herufi. Muonyeshe pa kuanzia, maana herufi ikianzia pasipo pake itagoma kuungana na mwenzake.

NNE, KAMBA. Mpe kamba moja ndefu alaze chini neno *mama*. Kamba ni moja, haikatwi. Hapo ndipo mtoto anaelewa kuunga ni nini. Sisi huku tunamwambia ni treni ya TAZARA: kila herufi ni behewa, na behewa lisiposhikana na mwenzake linabaki stesheni. Wanacheka, lakini wanashika.

TANO, CHAKI FUPI. Kabla ya penseli, mpe kipande cha chaki kifupi kama kucha ya dole gumba, aandike ukutani au sakafuni. Kikiwa kifupi hawezi kukishika kwa ngumi, lazima atumie ncha za vidole. Penseli yake ya kwanza nayo ikate iwe fupi.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Akichoka, mwache akacheze.

Sasa naongea kama nesi, hapa usiruke. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 usitumie punje wala shanga, ataweka mdomoni zimpalie. Hata huyo mkubwa usimwache peke yake na mchele. Maharage na mahindi puani tunayaona sana hospitali. Ikitokea, usichokonoe na njiti wala usimwagie maji, punje inavimba humohumo. Mlete. Mchanga usichote pale paka wanapojisaidia. Na baada ya mchezo, mikono inawe, tulishaongea.

Mtoto wa mkono wa kushoto muache na kushoto kwake. Karibu mtu mmoja kati ya kumi yuko hivyo, siyo laana wala ukaidi. Usimfunge, usimchape. Muinamishie daftari, kona ya juu ya kushoto ipande kidogo, ili aone anachoandika na mkono usifute wino. Lakini kama mtoto hajafika mwaka mmoja na tayari anatumia mkono mmoja tu, mwingine kauacha, huyo mlete tumuangalie. Pia mlete anayesogeza uso karibu kabisa na daftari, huenda shida ni macho.

Kuna mama ataniambia, "Nesi, siku hizi simu, mwandiko wa nini?" Dada yangu, upimaji wa darasa la nne mtoto wako ataandika kwa mkono wake, kidato cha pili na cha nne vilevile. Na mimi kazini faili la mgonjwa naandika kwa mkono. Usiku mmoja nilipokea karatasi ya dawa, sikujua ile namba ni 1 au 7. Nikaacha kuchoma sindano, nikatembea kwenda kumuamsha aliyeandika. Ilikuwa 1. Mgonjwa alikuwa mtoto. Toka siku ile mwandiko kwangu ni wa kusomeka kwanza, uzuri baadaye.

Ndiyo maana hata kuunga kwenyewe sikuabudu. Mtoto akiandika herufi za kuachana zikasomeka, mshukuru Mungu. Kuunga kunasaidia mkono uende bila kusimamasimama, na wapo watoto wanaochanganya *b* na *d* wanaopona humo, kwa sababu mkono unaziingia kwa njia tofauti. Lakini ukiwa ni wa kupigania machozi, subiri. Miezi sita haimchelewishi mtu maisha.

Yule kijana? Mama yake alienda kuongea na mwalimu, kwa heshima, bila kugombana. Wakakubaliana apunguziwe kurasa na asichapwe vidole. Nyumbani wakaanza sinia. Wiki za kwanza alikataa hata kugusa mchanga, alidhani ni mtego. Mdogo wake ndiye aliyeanza kucheza, naye akaingia kwa wivu. Juzi wamepita kliniki na mdogo wake kupima uzito. Nikampa kalamu yangu ileile. Akaandika *mama*, imepanda mlima na *m* ya pili ina vilima vinne. Nilihesabu! Ila herufi zimeshikana zote, na karatasi haikutoboka. Tumbo, mama anasema, limebaki la siku za maembe mabichi tu.

Kwa hiyo kesho ukimaliza kupika, kabla hujalitafuta daftari, tafuta sinia. Kaa chini naye. Chora kitanzi kimoja na wewe, umuone atakavyokusahihisha.

Mtumie mama mwenzio mwenye wa chekechea. Sehemu ya 6 tutaongea macho ya mtoto na simu, maana huko nako kuna kesi.

Usiku mwema. Naingia zamu.