Wizi wa Magari Hautamalizwa kwa Risasi

Mnamo mwezi wa Agosti 2014, majambazi wenye silaha waliliteka jijini Nairobi gari la msafara wa Rais wa Jamhuri, aina ya BMW, wakiwa wamemnyang'anya ofisa wa polisi. Baadaye gari hilo lilipatikana nchini Uganda. Wananchi wengi walicheka. Sisi tulijiuliza jinsi lilivyofika huko, katika nchi ambayo lori la viazi husimamishwa kwenye kila kizuizi cha barabarani.

Tangu siku za chama kimoja, serikali zetu zimemkabili mwizi wa magari kwa kitanzi na kwa risasi. Mwaka 1973 kifo kilifanywa kuwa adhabu ya lazima kwa wizi wa mabavu. Kwa mujibu wa kifungu cha 296(2), yatosha mshtakiwa awe na silaha ya hatari, au aandamane na mwenzake, au amjeruhi mtu. Vijana wawili walionyang'anya gari kwa vitisho, bila hata kisu, wanahesabiwa sawa na muuaji. Mwezi wa Agosti 2009 Rais Kibaki alizibadilisha hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha. Ikiwa kitanzi kingekuwa cha kutisha, wangefikaje wingi huo?

Risasi ndiyo mbaya zaidi. Mapema mwaka uo huo, Profesa Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, aliizuru Kenya na kueleza kwamba mauaji yafanywayo na polisi yameenea na yanapangwa. Vikosi maalumu vimeundwa na kuvunjwa, cha SSU kikivunjwa Oktoba 2022. Mshukiwa akishalala barabarani, tunaambiwa kwamba gari limepatikana na kesi imekwisha. Lakini maiti haitaji jina la mnunuzi. Haimtaji askari aliyefungua kizuizi, wala karani aliyetoa kitabu cha gari. Anayemwua mshukiwa aliyekwisha kusalimu amri humwua pia shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na tunashuku kwamba mara nyingine ndiyo sababu anauawa.

Gari haliibwi ili lifichwe chini ya kitanda. Ama hufunguliwa likauzwa vipuri, ama hupewa nambari nyingine ya chesi, nambari nyingine za usajili na kitabu kipya, na kila hatua yahitaji mtu mwenye ofisi, muhuri au gereji. (Mkazi wa Nairobi aliyeng'olewa vioo vya gari usiku huelekezwa asubuhi kwenda Grogan, akavinunue tena. Wako wafanyabiashara waaminifu pale, na ndio wanaoumizwa na sifa hiyo.) Agosti 2022 serikali ilizindua nambari za usajili zenye alama za siri ili zisighushiwe. Tuliipokea hatua hiyo kwa moyo mweupe. Hata hivyo, alama hizo hazimzuii karani aliyekubali kuliandikisha gari la wizi.

Wasomaji wetu wa umri mkubwa hawajasahau jinsi raia aliyepeleka ripoti kituoni alivyoambiwa kwamba gari la polisi halina petroli. Petroli hiyo haikukosekana tarehe 7 Julai 1997, polisi walipoingia katika Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga watu waliokuwamo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 244, imewaagiza polisi wazuie ufisadi na wawajibike. Agizo hilo lianzie kwenye vizuizi vya barabarani.

Kwa hiyo twadai kwamba kila gari la wizi likipatikana na hati mpya, ofisa aliyezitia sahihi aulizwe mahakamani, hadharani. Nawe uliyeibiwa, usiondoke kituoni bila nambari ya OB. Na kanisa ambalo kijana wake ameuawa kwa kushukiwa kuwa mwizi wa magari liandike jina lake, mahali, saa na majina ya walioshuhudia, likazipeleke habari hizo kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, kabla hajazikwa.